Kijana Kazini: Helmeti Peke Yake Haitoshi

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi katika kikao cha baada ya Alasiri, mwezi wa Ramadhan)



Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu vijana. Kila Ramadhan katika vikao kama hivi huzungumzwa yanayofunguza na yasiyofunguza, Zaka, na namna ya kulipa siku zilizompita mtu. Leo nimeombwa nilete jambo ambalo si kawaida kuletwa msikitini, nalo ni usalama na afya ya mtu akiwa kazini. Najua wako wanaojiuliza, hii si mada ya mameneja wa kampuni? Yatuhusu nini sisi?

Hebu geukeni mtazamane. Hapa kuna anayetoka godauni, kuna wa mjengo, kuna makanika, kuna welda, kuna wa bodaboda, na upande wa kina dada kuna wanaoshona nguo kwenye viwanda vya EPZ. Wenye ofisi ya kiti na feni ni wachache. Wengi wetu twala kwa mikono na migongo yetu, basi mada hii yatuhusu sisi kabla ya mameneja.

Madrasa tulisomeshwa kwamba sheria imekuja kuhifadhi mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Tukifika kwenye nafsi huwa twataja mauaji na kisasi, kisha twapita haraka kwenda mlango mwingine. Lakini mtu anayepanda ghorofa ya nne juu ya miti iliyofungwa kwa misumari mibovu, nafsi yake haihitaji kuhifadhiwa? Na aliyempandisha pale hana la kuulizwa?

Nalianza na hili kwa sababu ya neno moja ninalolisikia kila ajali inapotokea: "Ni kadari ya Mwenyezi Mungu." Ni kweli, na hakuna muumini anayelikataa. Lakini angalieni nani analisema. Likisemwa na mama wa marehemu, ile ni subira na ina ujira wake. Likisemwa na tajiri mwenye mashine isiyo na kifuniko, huwa ni njia ya kufunga mazungumzo. Kisa cha yule bwana na ngamia wake mnakijua wote, sina haja ya kukirudia. Mwenye mashine naye afunge ngamia wake kwanza.

Sasa tuingie kwenye kazi zenyewe.

Ukimuuliza mtu yeyote usalama kazini ni nini, atakwambia helmeti, glavu na buti. Hata matajiri wengi hufahamu hivyo: akishawagawia vijana helmeti za njano basi amemaliza. Wenye elimu ya mambo haya huyapanga kinyume. Swali la kwanza ni hili: hatari hii yaweza kuondolewa kabisa? Kama haiwezi, yaweza kubadilishwa kwa kitu kisichodhuru sana? Kama hilo nalo haliwezekani, mashine ifunikwe, moshi uvutwe nje kwa feni, kelele izibwe. Halafu ndiyo kuja utaratibu wa kazi na mafunzo. Glavu na helmeti ni za mwisho, kwa sababu hazizuii jambo kutokea, zapunguza tu maumivu likishatokea. Na mara nyingine glavu yenyewe ndiyo inayonaswa na mashine ikavuta mkono.

Nitatoa mfano wa bekari, manake mwezi huu ndio mwezi wao. Kuna kijana wa mtaa wa pili kwetu alikuwa akifanya kazi katika bekari moja, jina nitaliacha. Mashine ya kukanda unga ilikuja na kifuniko cha wavu: ukikifungua, mashine husimama yenyewe. Kikaonekana chachelewesha kazi, kikatolewa, na swichi yake ikafungwa kwa waya ili mashine izunguke bila kifuniko. Ramadhan ikaja, oda za mikate zikapanda, vijana wakawa wakwangua unga ulioganda pembeni huku mashine yazunguka. Alipoteza vidole viwili. Alilipiwa hospitali, akapewa shilingi elfu kumi, akaambiwa apumzike nyumbani. Na mtaani watu wakasema yule kijana hakuwa makini!

Sasa niambieni, umakini wafanya nini hapo? Mtu amefunga, amelala saa tatu, asimama mbele ya chuma kinachozunguka ambacho kifuniko chake kimetolewa makusudi. Mwanadamu huchoka, husinzia, huteleza. Mahali pa kazi pataka kupangwa kwa kujua kwamba aliyepo ni mwanadamu. Kifuniko kile kingebaki mahali pake, usingizi ule ungemharibia unga tu.

Jambo la pili ni maziwa. Mwacheka, lakini mwajua ninachosema. Ukienda kwa wapaka rangi magari kwa pampu, kwa wanaosaga mawe, kwa wanaobeba simiti, utakuta tajiri amewanunulia pakiti ya maziwa kila jioni "yaondoe vumbi kifuani." Tumekua na imani hii. Ndugu zangu, maziwa ni chakula kizuri na ni sunna kuyapenda, lakini yaenda tumboni. Vumbi liko kwenye mapafu, na hakuna njia kutoka kwenye tumbo kwenda kuosha mapafu. Vumbi la mawe likishakaa ndani latengeneza kovu, na kovu lile halitoki. Pesa za maziwa ya mwezi mmoja zatosha kununua mpira wa maji wa kulowesha jiwe wakati wa kulikata, na jiwe likiwa limelowa vumbi haliruki. Hivyo maziwa yale si wema kama tunavyodhani. Ni malipo rahisi.

Nasisitiza maradhi kwa sababu sisi twaiona ajali tu. Ajali ina damu na kelele, watu hukusanyika. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba wafanyakazi milioni 2.93 hufa kila mwaka kwa sababu zinazotokana na kazi, na katika hao kiasi cha 330,000 tu ndio wa ajali. Waliobaki wote ni maradhi: mapafu, moyo, saratani. Mtu huyu hafi kiwandani. Hufa nyumbani kwake, miaka kumi baada ya kuacha kazi, na hakuna anayemkumbusha tajiri.

Na mara nyingine haishii kwa mfanyakazi. Hapa kwetu Mombasa tuna habari ya Owino Uhuru, kule Mikindani. Palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa madini ya risasi. Moshi na maji machafu yaliwaingilia watu wa mtaa, watu kama 3,000. Phyllis Omido aliajiriwa pale ofisini, mtoto wake mchanga akaugua, na alipopimwa ikaonekana ana risasi mwilini. Mama huyu akaacha kazi, akaanza kupiga kelele, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, naye mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa iliamua wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu ile mwaka 2023, na Disemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Miaka yote hiyo watoto walikuwa wakikua na risasi damuni, na Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Huharibu ubongo unaoendelea kukua.

Mama zangu, hapa nataka mnisikize zaidi. Vumbi la risasi halingoji kiwanda. Anayevunja betri nyuma ya gereji hulibeba kwenye ovaroli, kwenye nywele na kwenye viatu. Afika nyumbani, mtoto amkimbilia, amrukia kifuani. Ovaroli yaloanishwa beseni moja na nguo za mtoto. Basi mwenye kufanya kazi ya betri, au ya rangi za kupulizia, au ya dawa za mashamba, abadilishe nguo kule kule kazini, anawe mikono na uso kabla ya kula, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Sheria yetu yamtaka mwenye mahali pa kazi aweke maji ya kunawa na mahali pa kuweka nguo. Wengi wetu huona hilo ni jambo la starehe. Lina maana yake.

Nilisema sitarefusha lakini hili la visima siwezi kuliruka, kwa sababu ni sisi kwa sisi tunaouana, bila kiwanda wala tajiri mkubwa. Kisima chahitaji kusafishwa, au shimo la choo limejaa, au tangi la chini la msikiti lapigwa rangi. Ashuka mmoja, baada ya dakika hasikiki. Ndugu yake amwona amelala chini, ashuka kumtoa, naye hasikiki. Ashuka wa tatu. Jioni watolewa maiti watatu, na mtaani yasemwa kuna jini.

Hakuna jini. Shimo lenye uchafu hutoa gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza, na gesi hiyo ikiwa nyingi huua kwanza uwezo wa pua kunusa, kwa hiyo mtu adhani harufu imeisha, kumbe ndiyo imezidi. Kisima kilichofunikwa muda mrefu huishiwa na hewa ya oksijeni. Na kibaya zaidi ni kile kitendo cha kuteremsha pampu ya petroli ndani ya kisima ili ivute maji: moshi wake una gesi isiyo na rangi wala harufu, na shimo halina pa kuutolea.

Wazee walikuwa wakiteremsha koroboi, ikizimika hawashuki. Ilikuwa na akili ndani yake, kwa sababu moto wahitaji oksijeni kama sisi. Lakini koroboi haitakwambia kama kuna gesi ya sumu, yaweza kuendelea kuwaka vizuri nawe ukafa. Na kwenye shimo la choo yaweza kuwasha gesi ikalipuka. Kazi hii ina vifaa vyake vya kupimia hewa, na feni ya kupuliza hewa ndani, na mkanda wa mwilini wenye kamba iliyoshikwa na watu wawili juu. Mwenye kuanguka avutwe kwa kamba. Kama hakufungwa kamba, waiteni watu wa zimamoto. Najua hili ni gumu, ndugu yako yuko chini na waambiwa usishuke. Lakini ukishuka hivyo hutamwokoa, utamwongezea mama yako maiti wa pili.

Na kwa kuwa nimetaja tangi la msikiti, niseme kidogo. Kabla ya Ramadhan misikiti yetu mingi hupakwa rangi. Huitwa kijana, apewa ngazi, apanda mpaka juu ya mnara, hana kamba. Kamati ya msikiti nayo ni mwajiri siku ile. Sheria haikusema kazi ikiwa ya thawabu basi ngazi haiangushi.

Tuje kwenye saumu yenyewe. Kuna mameneja wasemao Waislamu wakifunga huleta ajali. Sikubaliani nao. Saumu ni njaa ya saa kumi na tatu au kumi na nne hivi, na mwili wenye afya waiweza. Kinachochosha ni usingizi uliokatwa vipande viwili, daku lililorukwa, na ratiba ya kazi iliyobaki ile ile ya mwezi wa Shaabani. Anayebeba magunia kwenye jua la saa tisa mchana bila maji huanza kusikia kizunguzungu, misuli kukaza, kichwa kuuma, halafu akili yachelewa. Dalili hizo zikitokea si wakati wa kujionyesha mwanamume. Kaa kivulini, jimwagie maji kichwani na shingoni, mwambie mwenzako. Na mtu akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, huyo ni mgonjwa wa kukimbizwa hospitali. Masheikh wetu wapo hapa, waulizeni hukumu ya anayehofia kudhurika akiwa na saumu katika kazi nzito. Mimi si wa kutoa fatwa, lakini najua mlango upo na haukuwekwa bure.

Kwa mwenye madaraka, hata nyapara tu, kuna mengi yawezekanayo bila gharama. Kazi za juu na za mashine zenye meno zifanywe asubuhi, mchana wa jioni ubaki wa kufagia na kupanga. Wasiofunga wabadilishane shifti na wanaofunga, na wakati wao wa Krismasi tuwalipe wema wao. Na bodaboda wetu: ile mbio ya dakika kumi kabla ya Magharibi, wallahi, tende yaweza kuliwa barabarani ukiwa umesimama pembeni.

Sasa sheria. Kenya ilipitisha sheria mbili mwaka 2007: Sheria ya Usalama na Afya Kazini, iliyochukua nafasi ya ile ya viwanda ya tangu ukoloni, na Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini. Ile ya kwanza haihusu viwanda tu, yahusu kila mahali mtu afanyapo kazi, awe wa kudumu au wa muda. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama yenye wawakilishi wa wafanyakazi. Ulizeni kazini kwenu kama ipo. Mara nyingi majina yameandikwa kwenye karatasi ukutani na hao wenye majina hawajawahi kukutana.

Sheria hiyo pia yasema mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu na amwarifu msimamizi wake, asilazimishwe kurudi pale mpaka irekebishwe, na asifukuzwe kazi kwa kulalamika. Mwasema, haki gani hiyo na vibarua wako mia mlangoni wangoja nafasi yangu? Nawaelewa. Lakini kumbukeni Bangladesh, Aprili 2013. Jengo la Rana Plaza lilionekana nyufa siku moja kabla. Benki iliyokuwa mle ndani ikawatoa watu wake. Washona nguo wa ghorofa za juu waliambiwa warudi kazini kesho yake, na wengine walitishwa kukatwa mshahara. Zaidi ya watu 1,100 walikufa, wengi wao wasichana wa umri wenu. Hawakukosa macho ya kuziona nyufa zile. Walikosa wa kusimama nao. Mmoja akikataa peke yake hufukuzwa. Wakikataa thelathini kwa pamoja, kwa adabu na kwa maandishi, huitwa ofisini kuzungumza. Ndiyo maana nawahimiza vijana waingie kwenye zile kamati na kwenye vyama vya wafanyakazi, wasiviachie watu wa posho.

Kuhusu fidia, mwajiri analazimika kuwa na bima ya wafanyakazi wake na kulipa matibabu ya aliyeumia. Kibarua naye ni mfanyakazi, hata kama mapatano yalikuwa ya mdomo. Akifa kazini au akilemaa kabisa, fidia ni mapato ya miezi 96. Hebu tupige hesabu: kibarua wa shilingi 600 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni 15,600. Mara 96 ni shilingi 1,497,600. Aliyepoteza kiungo hulipwa kwa asilimia iliyoandikwa kwenye jedwali la sheria. Sasa rudini kwa yule kijana wa bekari na elfu kumi yake, mwone ni kiasi gani hakuambiwa.

Kwa hivyo likitokea, mzazi au ndugu afanye haya. Mwarifu mwajiri mara moja, na iwe kwa maandishi hata kama ni barua ya mistari mitatu, ubaki na nakala. Mwajiri anatakiwa aripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7, na kwa ajali ya kifo ndani ya saa 24. Asipofanya, nendeni wenyewe kwenye ofisi ya idara hiyo, Mombasa ipo. Wekeni karatasi zote za hospitali, picha za mashine, na namba za simu za waliokuwepo, kwa sababu baada ya wiki mbili mashine itakuwa imerudishiwa kifuniko na mashahidi watakuwa hawakumbuki. Karatasi yoyote msiyoielewa isitiwe saini wala dole gumba siku ile ya msiba, hata ikiletwa pamoja na mchele na sukari. Madai yanatakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi 12, na wengi wamepoteza haki kwa kungoja ahadi ya mdomo mpaka mwaka ukapita.

Wenye maswali watanipata hapa hapa baada ya futari, insha Allah, na mwenye barua ya kuandikwa aje na karatasi zake tuiandike pamoja. Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.